Tui la Mwezi wa Mfungo

Kama umeambiwa tumbo lako lina kidonda, na kwamba lazima unenepe kidogo kabla ya kupasuliwa, na kwamba dawa ya kunenepa ni maziwa, halafu ukagundua kuwa maziwa hayakai ndani yako, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Nilirudi kutoka chuoni Kampala na shahada ya historia, na katika ugonjwa huu shahada hiyo haikunifaa kwa lolote ila kunipa maneno mengi zaidi ya kuogopea. Sitakueleza kidonda hutokana na nini. Nilijiuliza swali hilo mpaka likachakaa.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha, katika shule moja upande wa mashariki wa Nairobi, na nilipanga chumba Pumwani katika nyumba ya Bi Salma. Maumivu yalianza wakati wa jua kali la baada ya Krismasi. Ilikuwa kama mtu ananibonyeza chini ya kifua kwa kidole kimoja. Nikila, anaondoa kidole. Baada ya muda anakirudisha. Nilizoea kufundisha nikiwa nimeegemea meza, na nadhani wanafunzi waliona ni madaha ya mtu aliyesoma. Kisha siku moja nikaona choo changu kimekuwa cheusi kama lami, na badala ya kwenda hospitali nikakaa kufikiri. Nilifikiri kwamba nikienda wataniambia ni kitu kibaya, na kwamba nisipoenda hakitakuwa na jina. Nilifikiri labda ni mchicha. Nikaacha mchicha. Kama nawe umefika hapo pa kuacha mchicha, nakuomba uende.

Mimi nilikwenda baada ya kuanguka ubaoni, chaki mkononi.

Katika hospitali kubwa, upande wetu sisi Waafrika, wagonjwa wa nje walikaa kwenye mabenchi marefu yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Aliye mwanzo akiitwa, wote tunasogea. Kwa hiyo asubuhi nzima unakalia mbao iliyopashwa moto na homa ya mtu mwingine, na unamwachia wa nyuma yako joto lako. Nilikuwa nikimtazama kila anayetoka kwa daktari ili nijue ameambiwa nini, na kwa uso wake nikajipimia uso wangu. Mwanamke mmoja alitoka akicheka, nikapata matumaini makubwa. Baadaye nikamwona amekaa kwenye ngazi ameshika kichwa, na matumaini yangu yakaenda naye.

Walininywesha kitu cheupe kizito kama chokaa, wakanipiga picha za tumbo nikiwa nimesimama, nimelala, nimegeuzwa. Daktari alikuwa Mzungu mzee mwenye sauti ya upole. Aliniambia kidonda ni cha zamani, na kovu lake linaziba njia ya chakula kutoka tumboni. Dawa yake ni kisu. Kisha akanipandisha kwenye mizani, akanitazama mbavu, akasema kwa hali hiyo hawezi kunipasua, kwa sababu naweza nisiamke. Ninenepe kwanza. Nisile ugali, nyama wala maharage. Ninywe maziwa, kikombe kidogo kila baada ya muda mfupi, kutwa nzima, pamoja na unga mweupe wa kutuliza tumbo.

Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu: kunenepa kabla kidonda hakijatoa damu tena. Sikuwahi kupewa mtihani ulio wazi hivyo, wala ambao sikujua namna ya kuusoma.

Nilinunua maziwa ya chupa. Siku ya kwanza tumbo lilijaa upepo, likanguruma hata wapangaji wenzangu walisikia kupitia ukutani. Siku ya pili nilishinda nikikimbilia vyoo vya mwisho wa mtaa, vile vya ndoo, nikipanga foleni na watu wanaojua vizuri nimetoka hapo muda si mrefu. Nilirudi kwa daktari nikiwa mwembamba kuliko nilivyoondoka. Nilimweleza. Aliniuliza kwa upole ule ule kama kweli ninayanywa, akaandika tena maziwa. Nilikaa njiani nikifikiri kwamba labda siyanywi. Labda nayanywa vibaya. Ndivyo akili yangu inavyofanya kazi. Mtu akinitilia shaka, mimi huungana naye.

Mjomba wangu Andrea, ndugu wa mama, alikuwa akifanya kazi ya reli na kukaa Makongeni. Yeye aliona ni ujuaji. Alisema nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kushindwa na maziwa, na kwamba Kampala ndiko nilikojifunza kuwa na tumbo la kuchagua. Kisha akafanya jambo la maana, akamwandikia mama aje.

Mama alifika kwa treni akiwa na mfuko wa karanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando alichokipakata njia nzima kama mtoto. Maziwa yalikuwa ya ng'ombe wetu wa madoa. Mama hakuja kuniuguza tu, alikuja na hoja: mimi nimeshindwa na maziwa ya mjini, maziwa ya watu wasiojulikana, yaliyochanganywa na maji. Ya nyumbani yatanitambua. Alinimiminia kikombe, akakaa kitandani kwangu, mikono mapajani, akasubiri.

Nilikunywa. Ningekataaje? Alasiri yote nilikuwa chooni, na kila nilipotoka nilimkuta amesimama nje ya mlango wa bati, amejitanda leso, anasikiliza. Tulipofika nyumbani alichukua kibuyu, akakimwaga chote nyuma ya jiko, akakisuuza, akakiinamisha ukutani. Nilitaka kumwambia kwamba si yeye niliyemkataa. Nilipanga sentensi hiyo vizuri sana kichwani, na nilipoipata alikuwa amekwisha kulala.

Nyumba ya Bi Salma ilikuwa ya udongo na mabati, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande zote mbili, na uani kulikuwa na jiko la wote. Bi Salma mwenyewe alizaliwa pwani, akaja Nairobi bado msichana, pamoja na mume aliyekuwa mpishi wa safari. Mume alikufa, nyumba ikabaki. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyofika kila chumba bila kupandishwa. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi na hatukuwa na mazungumzo mengine. Lakini siku ile ya kibuyu alimwona mama akimwaga maziwa, na kesho yake akanisimamisha ukumbini.

"Mwanangu, hayo maziwa lazima yatoke kwa ng'ombe?"

Nilimwambia daktari hakusema.

"Kama hakusema, basi tui nalo jeupe."

Hakudai kwamba ni dawa. Alisema wazi kwamba yeye tui analijua kwa wali na samaki tu, na hajamwona mtu akiishi kwa tui peke yake. Nilikwenda chumbani nikalifikiria tui kutoka kila upande. Halafu njaa ikaniamulia.

Mara ya kwanza tulikosea sote. Alinipa tui zito la kukamuliwa mara ya kwanza, lile la wageni, kwa sababu alitaka kunipa lililo bora. Nililitapika lote. Omari, mpangaji wa chumba cha mbele aliyekuwa akishona makubadhi ya mipira ya magari kule Kariokor, alikuwa amekaa kizingitini akiangalia.

"Mwalimu, kumbe siku hizi unanyonya," akasema. "Nikukatie na nepi ya mpira?"

"Wewe ulinyonya mpaka meno yakaota," Bi Salma akamjibu bila kugeuka. "Mama yako aliniambia alikuwa akikuficha."

Tuliendelea kujaribu. Tui la pili, lile jepesi linalotoka baada ya machicha, yaani nazi iliyokunwa, kutiwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa tena, lilikaa ndani. Likiwa bichi lilinipa kiungulia, likichemshwa lilitulia. Kwa kuwa huenda umefika mahali ambapo hili ndilo tu unalotaka kusoma, nitaeleza lilivyotengenezwa. Nazi huvunjwa, na kabla ya kukunwa hukatwa kipande kidogo cha nyama yake kikatafunwa, kila nazi na kipande chake, kwa sababu nazi moja mbovu huharibu nyingine zote bakulini. Kisha mtu hukaa juu ya mbuzi ya kukunia, akakuna pole pole asifikie ganda jeusi. Machicha hutiwa maji, hupondwa kwa mkono, huingizwa kwenye kifumbu na kukamuliwa kama nguo. La kwanza liwekewe wenye afya. La pili libandikwe kwenye moto mdogo, likorogwe upande mmoja bila kuacha, kwani ukiacha litakatika, mafuta huku, maji kule. Likianza kutoa povu pembeni, epua. Chumvi kidogo sana, na uji mwembamba wa mchele uliosagwa kama unauweza. Jioni ukibaki nalo, limwage. Haliingoji kesho.

Mama alitazama haya yote akiwa amesimama kando, mikono nyuma. Kwake nazi ilikuwa kitu cha watu wa mbali. Harufu yake ilimkumbusha, alisema, mafuta ya taa ya kanisani. Lakini aliona kikombe kikiingia na hakitoki. Siku chache baadaye aliloweka karanga zake usiku kucha, asubuhi akazimenya maganda, akaazima jiwe kwa mama mmoja Mluhya wa mtaa wa pili, akazisaga mpaka zikawa laini kama krimu. Alizichuja kwa kitambaa cha leso mpya, akachemsha kwa muda mrefu huku akipuliza povu lisimwagike. Alinipa kikombe hicho bila kusema ni nini. Kilikaa. Nilimwona akigeuka kuangalia moto ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Kwa hiyo nikawa na maziwa ya aina mbili, asubuhi ya karanga na mchana ya nazi, na wanawake wawili uani waliokuwa wakigawana moto na maneno machache. Bi Salma alimwita mama "mama Festo", na mama alimwita Bi Salma "mwenye nyumba", hata alipoombwa aache. Suruali yangu iliacha kuanguka. Nilipopanda mizani, sindano ilisogea upande uliotakiwa, kidogo, na daktari akasema maziwa yananifaa. Nilifikiri kama nimwambie ni maziwa gani. Nilifikiri mpaka nikajikuta barabarani.

Alisema nikiendelea hivyo, mvua zikiisha atanipangia siku.

Mvua ndefu zilikuja kwa nguvu mwaka ule. Karanga za mama zikaisha, na za sokoni zilikuwa kuukuu na chungu. Nyumbani zilikuwa bado hazijavunwa. Ikabaki nazi. Nazi za Bi Salma zililetwa na treni kutoka kwa jamaa zake, na sasa magunia yalichelewa njiani, yakafika yameloa. Na mwezi ukaandama, Ramadhani ikaingia.

Nataka ulione vizuri jambo hili, kwa sababu mimi nimeligeuza sana na bado sioni ni wapi mambo yangestahili kwenda vingine. Bi Salma alikuwa amefunga. Hakuna aliyemtaka akae jikoni mchana na njaa yake akimchemshia mtu kinywaji, lakini hakuacha hata siku moja. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakutia nazi mdomoni. Jirani yake mmoja alimwambia inaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi ukatema. Bi Salma alisema anajua, ila yeye ulimi wake haujui kutema. Mafua ya mvua pia yalikuwa yamemziba pua. Basi akivunja nazi, alikata kipande akampa mama.

"Onja, mama Festo."

Na mama alionja. Na kila mara alisema, "Iko sawa."

Kwa mama hakukuwa na nazi nzuri na nazi mbaya. Zote zilikuwa na ladha ya mafuta ya taa. Nadhani mwanzoni alijaribu kutofautisha, kisha akaona akisema hii mbaya atakuwa anasema tu, na kwamba nazi ikitupwa mwanawe atakosa kikombe. Mwenye kujua alikuwa amefunga, na aliyekuwa akila hakujua. Hakuna hata mmoja wao aliyeona pengo hilo. Mimi, ninayejisifu kwamba naona kila pengo, hata lisilokuwapo, nilikuwa nimelala chumbani nikihofia damu nyeusi.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Nilikunywa kikombe changu. Kilikuwa na ukali fulani nyuma ya ulimi, lakini kinywa changu kilikuwa kichungu tangu Januari, na hata maji nilikuwa nikiyashuku. Muda mfupi baadaye tumbo lilijikunja, nikaanza kutapika. Nilitapika tui, kisha maji, kisha nikaendelea kutapika pasipo kitu, nimeshika ukingo wa kitanda, mpaka kitu kikaachia ndani. Kilichofuata kilikuwa chekundu. Mama alikinga beseni, akaliangalia, akaita jina langu kwa sauti ya chini kana kwamba nimelala.

Uani watu walikuwa wakisubiri adhana ya magharibi, futari ikiwa imepakuliwa. Omari aliacha sahani yake akaenda kutafuta gari. Ilikuwa kazi kupata mwenye gari aliyekubali kutoka jioni katika siku zile za amri ya kutotembea usiku, lakini alimpata mmoja mwenye pikapu ya mboga. Adhana ikasikika tukiwa tunapanda. Bi Salma alikuwa amesimama mvuani na kikombe cha maji mkononi. Hakukinywa. Ndivyo nilivyomwacha.

Ya hospitali nayakumbuka vipande vipande. Baridi ya mpira uliotandikwa chini yangu. Mtu akiuliza ndugu zangu wako wapi watoe damu. Mjomba Andrea alitoa, na Omari alitoa, ingawa damu yake haikuchukuana na yangu wakampa mwingine. Daktari mzee aliinama karibu, akaniambia sasa hatuna nafasi ya kungojea mizani. Nilitaka kumwuliza itakuwaje nisipoamka, na nikakumbuka kwamba alikwisha nijibu siku ya kwanza. Wakanivuta kwenye kitoroli, na dari ikapita juu yangu taa kwa taa.

Niliamka. Nilikuwa na mrija puani na mwingine mkononi, na tumbo limeshonwa kutoka chini ya kifua hadi kitovuni. Waliondoa sehemu kubwa ya tumbo langu. Kwa siku nyingi walinilowesha midomo kwa pamba. Mgonjwa wa kitanda cha pili, dereva wa lori, alikuwa akinisimulia kila alichokula maishani, kwa mapenzi mema kabisa, na sikuwa na nguvu za kumwomba anyamaze. Asubuhi moja kitanda chake kilikuwa kimetandikwa upya.

Wakati huo, nje, jambo lilikuwa likikua bila mimi. Mama alikuwa amekwenda kukaa Makongeni kwa mjomba. Huko wanawake wa kanisa walikuja kumpa pole, wakamwuliza nini kilinipata, na mama akasema ni tui la yule mwenye nyumba. Alisema hivyo tu, naamini. Lakini neno hilo lilipofika mwisho wa nyumba za reli lilikuwa limekwisha kuwa sumu. Mjomba alitaka kuja Pumwani kuchukua vitu vyangu na kumweleza Bi Salma mbele ya watu anavyofikiri. Mama hakumzuia wala hakumtuma. Habari hizi nilizipata kwa Omari, aliyeniletea pole na uvumi kwa mkono mmoja.

Bi Salma hakuja kuniona. Idd ilipita, nilisikia takbiri kutoka mbali nikiwa nimelala. Alikuja siku kadhaa baadaye, saa za wageni, amevaa buibui, amekonda kuliko mimi. Mama alikuwa amekaa upande wangu wa kulia. Hawakusalimiana. Bi Salma hakuketi. Alisema mwezi umekwisha na watu wote wameombana msamaha, nimebaki mimi, na hawezi kulala.

"Nipe radhi, mwanangu. Mkono uliokamua ni wangu."

Daktari alikuwa amekwisha niambia kwamba kidonda kile kingeweza kupasuka wakati wowote, hata nikinywa maji. Hakuna anayeweza kujua. Nililala pale nikiwaza: nikimwambia nimekusamehe, nimekubali kwamba alinikosea. Nikimwambia hakuna cha kusamehe, nitamrudisha nyumbani na mzigo wake. Nilitafuta neno la tatu. Nilikuwa bado nalitafuta aliposema mama, akitazama shuka.

"Mimi ndiye niliyeonja, Bi Salma."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

"Najua," Bi Salma akasema.

Wodi iliendelea na kelele zake. Baadaye mama alisogea kwenye benchi, Bi Salma akakaa pale aliposogea, mpaka kengele ya wageni ilipolia. Jioni hiyo, nilivyoambiwa, mama alimweleza mjomba na wanawake wa kanisa maneno yale yale aliyoyasema pale, na hakuongeza lolote. Baadhi yao waliendelea kuamini habari ya sumu. Ilikuwa habari nzuri zaidi.

Nilitoka wakati wa baridi ya Julai. Nakuambia haya usije ukadhani kutoka ni kupona. Nilikuwa natembea nimeinama kama mzee aliyeangusha kitu. Nikila zaidi ya kiganja, moyo ulikimbia, jasho likanitoka, nikalazimika kulala chini hata kama niko mbele ya darasa. Njaa ile niliyoijua tangu utotoni haikurudi. Nakula kwa kuangalia saa. Lakini yale maumivu ya kidole kimoja yamekwisha, na kuna asubuhi naamka bila kukumbuka kwamba nina tumbo. Zihesabu hizo. Mama aliondoka na treni mazao yalipokaribia kuvunwa. Alinikumbatia kwa upande ili asiguse kovu. Tangu hapo hutuma karanga kwa kila mtu anayekuja huku, hata wasiotujua vizuri.

Niliendelea kukaa kwa Bi Salma. Mjomba hakupenda, na hakuwa na mahali pengine pa kunipa. Bi Salma aliendelea kunitengenezea tui jepesi, na kila mara kabla ya kunipa alikunywa kwanza funda moja mbele yangu, akasubiri kidogo, ndipo akaninyooshea kikombe. Sikuwahi kumwomba afanye hivyo. Nilifikiri mara nyingi namna ya kumwomba aache, na kila sentensi niliyoitunga ilikuwa mbaya kuliko kunyamaza.

Sasa mvua zinakaribia tena, na Ramadhani nayo. Jana aliniita uani. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi na mbele yake nazi mbili zimevunjwa. Alisema mwezi wa mfungo hawezi kunionjea, na mama yuko mbali, kwa hiyo inanipasa kujua mwenyewe. Alinipa kipande cha nazi ya kwanza. Kilikuwa kitamu, chenye maji. Kisha akanipa cha pili. Aliiweka nazi hiyo makusudi, alisema, tangu gunia la juzi lilipoloa njiani, ili apate ya kunifundishia.

Nilitafuna. Ukali ulikuja polepole, nyuma ya ulimi, halafu ukapanda puani, na mara ile ile nikawa nimeshika ukingo wa kitanda, mvua inanyesha, beseni liko chini yangu. Nilitema mkononi.

Bi Salma alikuwa akinitazama usoni.

"Ndivyo lilivyokuwa, lile la siku ile?"

Nilimwambia siku zile kinywa changu kilikuwa kibovu, sikuwa nikisikia ladha ya kitu chochote. Nilimwambia sikumbuki.

Aliendelea kunitazama. Kisha akachukua kile kipande kutoka kiganjani mwangu, akakitupa, akanipangusa mkono kwa pindo la leso yake kama anavyopanguswa mtoto.

"Haya," akasema. "Sasa unaijua."